AFYA NA JAMAA: Baada ya Mshipa wa Moyo Kuzibuliwa

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, Daktari Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo kwa mrija mwembamba wenye kiputo nchani, bila kupasua kifua. Tiba hiyo imeokoa wengi, lakini ina hatari zake. Mahali palipopitishwa mrija, pajani au mkononi, huweza kuvuja damu. Pakivimba, jamaa wapakandamize na kumwita daktari upesi. Hatari kubwa zaidi ni damu kuganda katika kijibomba cha chuma kilichoachwa mshipani. Kwa hiyo askari aliyerudi nyumbani akijiona mzima asiache vidonge vya kuzuia kuganda ila kwa idhini ya daktari. Kifua kikimbana tena, asijikaze kiaskari. Apelekwe hospitali bila kungoja kuche.