Choo Kiyumbacho na Twahara ya Nyumba

Juma lililopita nililala Kericho kwa binti yangu, penye mashamba ya chai. Choo chake cha kukalia kiliyumba, na sakafu haikauki. Yeye akidhani ni unyevu wa mvua, ambayo huko haina likizo. Tukapangusa, tukamwaga maji ya tangi mara moja: yakachirizika chini ya choo. Najisi hiyo, na miguu huipeleka hadi mswalani!

Tulifunga maji, tukakinyanyua, tukabadilisha mpira wa shingo uliochakaa na skrubu zilizoliwa na kutu. Skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kaure haitaki pupa. Pembezoni silikoni, nyuma tukaacha mwanya ili mvujo ukirudi uonekane. Saruji niliikataa, kwani kukifungua tena ni kukivunja.

Mswala ukafuliwa. Kwa baridi ile, ulikauka siku ya tatu.