Benchi Halimlei Mchezaji

Kikapu hakibadiliki, msomaji. Kile unachokirushia mpira katika uwanja wa shule yako kimetundikwa meta 3.05 kutoka chini, na kile wanachokirushia watu wazima wa klabu kubwa za Nairobi na Mombasa kimetundikwa meta hizo hizo. Wachezaji ni watano hapa, na watano kule. Basi kwa nini kijana aliyesifiwa na kaunti nzima alipokuwa mwanafunzi hupotea mara amalizapo masomo, kama jiwe lililotupwa baharini?

Wengi hujibu upesi kwamba kijana huyo alikuwa mvivu, au alilewa sifa. Wapo walio hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini jibu hilo likitolewa kwa kila kijana huwa si hukumu tena, bali ni kisingizio. Kosa kubwa ni la klabu zinazompokea kijana kwa makofi, zikamvika jezi, kisha zikamketisha benchini msimu baada ya msimu. Huingia akiwa na miaka 18, na afikapo 21 angali akiwabebea wakubwa mipira. Hayo huitwa malezi. Malezi gani hayo? Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kukaa ufuoni akiwatazama wenzake majini.

Najua watakalosema wenye klabu: tukiwachezesha watoto tutashindwa. Haya, na tuhesabu. Mchezo una dakika 40, na kila upande una watu watano uwanjani. Kwa hiyo kila timu ina dakika 200 za kugawa. Kijana mmoja akipewa dakika 10, na mwenzake 10, wakubwa wamebakiwa na dakika 180. Timu isiyoweza kushinda kwa dakika 180 za mabingwa wake haikuponzwa na watoto. Tena mabingwa hao watazeeka, kwani magoti hayapokei rushwa. Siku hiyo klabu isiyolea itatafuta mrithi isimpate, au itakwenda kumnyang'anya jirani aliyelea.

Hasara haiishii katika klabu. Mwaka 1993 Kenya ilikuwa ya nne katika mashindano ya wanaume ya Afrika yaliyochezwa Nairobi. Haikurudi katika mashindano hayo mpaka mwaka 2021, ilipojipatia nafasi baada ya kuishinda Angola, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73 mjini Yaoundé. Shangwe ile ilikuwa ya haki. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka 1993 alikwisha kuwa mtu mzima wa miaka 28. Sidai kwamba upungufu wa malezi ulikuwa sababu pekee ya kutoweka huko. Nasema tu kwamba taifa halivuni mahali ambapo klabu hazikupanda.

Dawa si ngumu wala si ghali. Kijana na aanze kufanya mazoezi pamoja na wakubwa siku moja kwa juma angali shuleni, ili nguvu za mabega yao na wepesi wa miguu yao visimshtue siku ya mchezo. Na awekewe mchezaji mmoja mzoefu wa kumwongoza, atakayemwonya faraghani na kumsifu kwa kiasi. Na apewe dakika zinazojulikana, wala si zile za mwisho tu, wakati mshindi amekwisha kubainika. Na asitengwe na masomo yake, kwa maana mguu huvunjika, lakini elimu haivunjiki. Yote haya ni haki ya wasichana kama yalivyo haki ya wavulana.

Nawe msomaji una wajibu wako. Ukipewa dakika tano, zicheze kama mtu aliyekabidhiwa amana: linda kikapu chako kabla ya kutamani cha wenzako, na mpe mpira aliye na nafasi bora kuliko yako. Usipopewa, uliza kwa heshima utapewa lini na kwa sharti gani. Adabu si ububu. Na siku utakapokuwa mkubwa katika klabu, usione haya kuketi ili mdogo wako acheze. Atakayekuona umempisha kwa hiari atajua naye namna ya kumpisha mwingine.