Kipanya si mkombozi wa mnyonge

Kuna imani imetuganda, na vyuo vya kompyuta ndivyo vinavyoinenepesha: eti mtu wa kawaida haziwezi amri za kuandika. Yeye apewe picha za kubofya. Herufi, alama na vitufe vya mkato waachiwe wataalamu wa Nairobi. Anayeamini hivyo na ateremke gatini Kizingitini wakati wavuvi wanaporudi, aangalie vidole vyao kwenye simu.

Mvuvi mwenye kabambe anataka kumsambazia mwanawe aliye Mokowe shilingi ishirini za salio. Anaandika *140*20*, anaunganisha namba ya kijana, anafunga kwa #. Kama hiyo si amri, basi amri ni nini? Kitendo kimetajwa, kiasi kimetajwa, mpokeaji katajwa, tena kwa mpangilio ambao ukiupindua simu inakukatalia. Mhandisi aliyekaa mbele ya skrini nyeusi iliyojaa maandishi hafanyi zaidi ya hapo. Kadi ya kukwangua ni *141*, tarakimu zake, #. Aliyeishiwa kabisa huandika *130* na namba ya yule anayetaka ampigie. Hakuna picha hata moja katika hayo yote, na wazee waliyashika bila cheti cha chuo chochote.

M-Pesa yenyewe ilipoanza Machi 2007 ilikuwa mistari ya maandishi kwenye laini ya simu: tuma pesa, toa pesa, weka namba ya siri. Nchi nzima ikahamisha fedha zake humo. Programu ya M-Pesa yenye picha na rangi ilikuja 2021, na wengi hadi leo wanabonyeza *334# wakamaliza shughuli zao. Si ushamba. Amri hizo hupita katika njia ileile ya mawasiliano ya simu, hazihitaji bando, na kila ujumbe wake hauzidi herufi 182. Ukiwa visiwani, mahali ambapo mawimbi huja na kuondoka, udogo huo ndio unaokufikisha. Programu ya picha itakuzungushia kiduara mpaka mnunuzi wa samaki apande boti aende zake.

Tena amri ina sifa ambayo picha haitaipata kamwe: inapita mdomoni. Msikilize binti aliye Mombasa akimwelekeza mamake aliye Faza kwa simu.

"Mama, bofya ile alama ya juu, upande wa kulia."

"Kwangu hapana alama, mwanangu."

"Huoni vistari vitatu?"

"Vistari gani tena? Naona picha ya mwanamke anacheka."

Mwanamke anayecheka ni tangazo. Wataendelea hivyo mpaka salio liishe. Lakini akisema "nyota, tatu, tatu, nne, heshi", mama anaandika, basi.

Najua jibu litakalokuja: amri zinataka kukariri, na watu hawapendi kukariri. Mnatuambia hivyo sisi wa Lamu? Mji ambao watoto huhifadhi juzuu thelathini, na ambao bibi zetu waliutongoa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, bila kufungua karatasi? Mtu huyo huyo mnasema atashindwa na vitufe kumi vya mkato. Hiyo ni dharau, hata ikivishwa kanzu ya huruma.

Gharama ya dharau hiyo utaiona kwenye saiba yoyote pale Langoni. Mzazi amekuja kuangalia kama jina la mwanawe limo kwenye orodha ya basari. Faili ina kurasa chungu nzima. Kijana wa saiba, ana cheti cha "packages" ukutani, anashika kipanya anazungusha gurudumu: kurasa zinapita, macho yanamtoka, jina linampita, anarudi juu aanze upya. Mzazi amesimama na buibui lake, akiona dakika zinavyopanda. Ctrl na F, jina, Enter. Kazi ya sekunde tatu. Hakufundishwa. Alifundishwa alama ya kuchapisha ina sura gani na inakaa pembe ipi ya skrini.

Na pembe hizo huhama. Mwaka uleule wa M-Pesa, 2007, Microsoft walitoa Office yenye sura mpya. Menyu za zamani zikafagiliwa, na waliosoma kwa kukariri mahali pa kubofya wakawa wageni ndani ya nyumba waliyoizoea. Ctrl na S ilibaki kuhifadhi. Ctrl na P ilibaki kuchapisha. Bado ni hivyo.

Wanaokiabudu kipanya wanasahau hata baba yake alikusudia nini. Douglas Engelbart alipokionyesha hadharani San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, mkono wake wa kulia ulishika kipanya na wa kushoto ulikuwa juu ya kibao cha vitufe vitano, akitoa amri kwa kuvibonyeza pamoja. Mikono miwili, kazi moja. Ulimwengu ukachukua mkono wa kulia, wa kushoto ukautupa, kisha ukajisifu kwamba umerahisisha mambo.

Sisemi kipanya kivunjwe. Anayechora ramani ya nyumba ya mawe au kupanga bango la Maulidi anakihitaji, na mimi nisingemwambia achore kwa amri. Wala amri si malaika: menyu ya simu hukatika ukiwa bado unafikiri, na tarakimu moja ikikosewa pesa zaweza kwenda kwa mtu usiyemjua. Lakini asiyeona, anayetumia NVDA, programu ya bure inayomsomea skrini, kipanya hakimfai kitu. Yeye ni vitufe mwanzo mwisho. Na mpiga picha za harusi mwenye mamia ya faili za .jpeg anazotaka ziwe .jpg ataandika ren *.jpeg *.jpg mara moja, wakati mwenzake anabofya moja moja hadi adhana ya magharibi.

Kwa hiyo wenye vyuo, ada mnazipokea, nasi tuna haki ya kudai. Wiki ya kwanza fungieni vipanya kabatini. Mwanafunzi afungue faili, aandike barua, aihifadhi, atafute neno ndani yake na kuichapisha kwa vitufe peke yake. Atakayelalamika kwamba ni vigumu, mwulizeni leo asubuhi amenunua bando kwa njia gani.