Njia Iliyonyooka Ramanini Siyo Fupi

Mwalimu akikosolewa mbele ya darasa, aghalabu huwa na hiari mbili: kukiri au kufoka. Nami nilikabiliwa na hiari hizo siku niliyokuwa nikifafanua tofauti baina ya umbali na mwendo.

Nilitoa mfano wa safari za ndege za moja kwa moja zilizoanza Oktoba 28, 2018, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York. Nikatwaa rula na kupiga mstari juu ya ramani iliyotundikwa ukutani. Mstari ukakata Afrika na kutokea pwani ya Mauritania. Nikatangaza kwamba hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Samahani, Daktari, njia hiyo ni ndefu." Wenzake wakaangua kicheko.

Hakuwa akifanya mzaha. Dunia ni mviringo ilhali ramani ni bapa. Ramani ile ilikuwa ya mtindo aliouvumbua Mercator mwaka wa 1569 ili kuwafaa mabaharia. Huhifadhi pembe za kuongozea chombo, lakini hupotosha masafa. Ukikaza uzi juu ya tufe baina ya miji hiyo miwili, utapita juu ya jangwa la Sahara, Algeria na Morocco kabla ya kuvuka Atlantiki. Umbali huo ni takriban kilomita 11,800. Njia ya rula yangu huuzidi kwa zaidi ya kilomita 300. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Siku hiyo mwongo alikuwa ramani, nami nilikuwa shahidi wake.

Mwendo nao ni jambo jingine. Wazee wetu waliposema "mwendo wa siku mbili", walijua kwamba mlima, tope na upepo vina neno katika safari. Umbali baina ya viwanja hivyo haubadiliki, lakini ndege huchukua saa 15 hivi kwenda na 14 hivi kurudi, kwa sababu pepo kali za angani huvuma kutoka magharibi na kuisukuma mgongoni irudipo.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa ya jiografia. Lakini umbali, masafa, mwendo, tufe na bapa yote ni maneno yetu. Tulichopungukiwa ni vifaa, na pengine unyenyekevu. Shule isiyo na tufe haikosi chungwa na uzi. Walimu wenzangu, tusimkate mwanafunzi alama kabla ya kuukaza uzi huo. Nanyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Mimi nilikiri kosa langu, nikampa kijana yule chaki.