Mto ukihama, haki isihame



Ndugu zangu, mto Songwe, unaozitenganisha Tanzania na Malawi, hautulii. Mvua kubwa zikinyesha milimani, kingo humeguka katika tambarare za Kyela na Karonga, na mto hujichimbia njia nyingine. Mkulima aliyeliacha shamba lake upande wa huku hulikuta limebaki ng'ambo. Mpunga aliupanda yeye, lakini sasa uko kwa jirani.

Warumi wa kale walilitafakari jambo hili. Kitabu cha sheria alichokitoa Kaisari Justiniani mwaka 533 kilisema kwamba udongo unaoletwa na mto kidogo kidogo ni wa mwenye ukingo, ila kipande cha ardhi kilichong'olewa na nguvu za maji kinabaki mali ya mwenyewe.

Kumbukumbu la Torati 19:14 inatukataza kusogeza mpaka wa jirani. Mto ukiusogeza, haujatenda dhambi. Dhambi huanza pale mimi, ninayejua shamba lilikuwa la nani, ninapokaa kimya, au ninapowahi kulima kabla mwenyewe hajapata njia ya kuvuka. Mara nyingi mwenyewe huyo ni mjane asiye na hati wala wakili. Shahidi wake ni jirani tu.

Wazee mnaoikumbuka mipaka ya zamani, waonyesheni vijana mngali hai. Nawe uliyenufaika na hasara ya mwenzako, leo baada ya Misa mwendee, mkayamalize kindugu.