SWALA SI MAZOEZI, NA MAZOEZI SI BIDAA



Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu Muislamu, kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi peke yangu nimeshatumiwa mara nyingi, na wengine wananiandikia kabisa "sheikh, uusome msikitini". Unasema anayesali swala tano hahitaji mazoezi mengine yoyote. Eti rakaa 17 za faradhi zina sijda 34, na sijda hizo zinatosha kwa moyo, zinatosha kwa sukari, kwa presha na kwa kitambi. Mwisho wameandika: sambaza upate thawabu.

Sitausoma msikitini. Nitaujibu hapa, kwa sababu ujumbe huu unaua watu, na wanaokufa ni watu wa saf ya kwanza.

Angalia msikiti wako. Hesabu wazee wanaosalia kwenye kiti. Hesabu wanaotoka baada ya adhuhuri wakiwahi dawa ya presha. Halafu watazame wenye miaka 45 au 50, waliokuja kwa bodaboda kutoka nyumba ambayo paa lake unaliona ukiwa mlangoni mwa msikiti. Hawa hawakuacha swala hata siku moja. Sasa akianguka mmoja kwa kiharusi, yule uliyemwambia swala inatosha utamwambia nini? Kwamba swala yake haikufanya kazi? Unaona mlango mbaya uliofungua? Swala umeiweka kwenye mizani isiyo yake, kisha mizani ikikataa, mtu mwenye imani changa anaanza kuitilia shaka swala yenyewe.

Swala ni ibada. Tunasali kwa kuwa tumeamrishwa, na tungesali hata kama viungo vyetu visingefaidika chochote. Ndiyo, kuinama, kusujudu na kuinuka kutoka chini kunasaidia magoti, mgongo na nyonga, na mzee anayeinuka chini bila kushika kitu yuko mbali na mwenzake aliyezoea sofa. Hilo silikatai. Ninachokataa ni kusema kuwa inatosha.

Na ushahidi ninao mdomoni. Madaktari wana kipimo chepesi cha kujua mwili unafanya kazi kiasi gani, kisichohitaji mashine. Kama unaweza kuongea na kuimba bila shida, kazi hiyo ni nyepesi. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni ya wastani. Ukisema maneno machache tu ikabidi uvute pumzi, ni kali. Sasa mimi nasalisha. Alfajiri ya Ijumaa nasoma Suratu Sajda na Al-Insan, nimesimama, kwa sauti na kwa tajwidi. Sijawahi kukata aya kwa kuhema. Na nyinyi nyuma yangu, nani amewahi kuhema? Kwa kipimo hicho swala ni kazi nyepesi, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mtume (S.A.W) alitukataza hata kuikimbilia swala iliyokwishakimiwa, akatuamrisha tuiendee kwa utulivu. Anayedonoa sijda kama kuku ili "achome mafuta" ameharibu swala na mazoezi hajapata.

Kwa nini ukali uwe na maana? Nieleze kidogo, kwa sababu watu wakisikia neno mazoezi hudhani ni jasho tu. Jasho si kipimo. Kwa joto letu la pwani hata anayekula ubwabwa anatoka jasho.

Ukila, sukari inaingia kwenye damu. Ukiwa umekaa, insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie kwenye misuli. Kwa mwenye kisukari cha ukubwani, mlango huo umekuwa mgumu. Insulini inagonga, msuli hausikii. Lakini Mwenyezi Mungu ameuwekea msuli mlango wa pili: ukifanya kazi, unaivuta sukari wenyewe bila kuingojea insulini. Kazi ikiwa nyepesi, nyuzi chache za msuli ndizo zinazoamka. Ikiwa kali, zinaamka nyingi, na akiba ya sukari iliyolala ndani ya msuli inatumika. Ukishamaliza, msuli ule ni kama ghala lililopungukiwa, unaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa siku moja au hata mbili. Ndiyo maana mazoezi hayawekwi ya wiki nzima siku moja ya Jumapili.

Na moyo nao ni msuli. Ukiulazimisha mara kwa mara kusukuma damu nyingi, unazoea kusukuma nyingi kwa pigo moja, na ukipumzika unapiga taratibu. Damu inayopita kwa kasi inaifanya mishipa itoe kitu kinachoilegeza na kuitanua, na presha inashuka. Moyo usioombwa kitu zaidi ya kukaa barazani hauna sababu ya kujiandaa. Kutembea kwa kasi kunatumia nguvu kiasi cha mara nne ya kukaa, na mchakamchaka mara saba au nane.

Hili limepimwa zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva wamekaa mchana kutwa, makondakta wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi ni lile lile, moshi ni ule ule, na bado madereva ndio waliopata zaidi ugonjwa wa mishipa ya moyo. Watu wakasema labda waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo, na ni swali la haki. Morris hakuishia hapo. Miaka ya 1970 akaonyesha kwa watumishi wa serikali, watu wa mezani wote, kwamba waliofanya kazi au michezo ya kuhemesha katika muda wao wa mapumziko walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache zaidi kuliko wenzao. (Yeye mwenyewe alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Umri uko mikononi mwa Mungu, lakini sababu tumeamrishwa kuzishika.)

Utaniambia: sheikh, babu zetu hawakufanya mazoezi na waliishi. Babu yako alilima kwa jembe! Alipiga kasia, alikwea mnazi, alitembea kwenda mnadani na mzigo begani. Bibi alitwanga na kuchota maji kisimani. Hiyo ilikuwa kazi kali kila siku ya Mungu, wala hawakuhitaji mtu wa kuwaambia. Wewe una bodaboda, gesi na bomba la maji uani. Umerithi sahani ya babu bila jembe lake.

Wengine wanasema kukimbia ni mambo ya kizungu, kunaondoa haiba ya mtu mzima. Haiba? Mtume (S.A.W) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A), naye ndiye mbora wa viumbe. Sayyidna Ali (R.A) alipoieleza sifa ya mwendo wake alisema alitembea kama anayeteremka mlima, yaani mwendo wa nguvu, si wa kujikokota. Alipomkuta Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusali usiku kucha, alimweleza kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Na walipoingia Makka kwa Umra ya mwaka wa 7 wa Hijra, Makureshi wakasema hawa wamedhoofishwa na homa ya Yathrib. Aliwaamrisha masahaba wafanye nini? Waende mwendo wa haraka wa kikakamavu katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu. Hiyo ndiyo ramal tunayoifanya mpaka leo. Aliona aibu watu waone Waislamu ni dhaifu. Sisi leo hatuoni aibu.

Itazame na sa'yi. Kutoka Safa kwenda Marwa mara saba, jumla kama kilomita 3, unatembea, ukifika kwenye taa za kijani mwanamume anaongeza kasi, ukizipita unarudi kwenye mwendo wako. Nimeshafuatana na mahujaji, na nimewaona wanaume wa miaka 48 wakiuliza bei ya kiti cha magurudumu baada ya mzunguko wa pili. Pesa ya Hija waliiweka miaka kumi. Miguu hawakuiandaa hata miezi mitatu.

Sisemi sa'yi ni mazoezi, nisije nikatumbukia shimo nililowaonya wenzangu. Lakini mwendo wa namna hiyo, kasi kisha pole, ndio waliousoma watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu huko Japani, na utafiti wao wa mwaka 2007 ulihusu watu wazima na wazee, si vijana wa jimu. Dakika tatu kwa kasi, dakika tatu pole, mara tano. Nusu saa, siku nne au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi mitano, waliofuata utaratibu huo walipata nguvu zaidi ya mapaja, pumzi zaidi, na presha ilishuka zaidi kuliko waliotembea mwendo mmoja wa kawaida. Huko Denmark wenye kisukari walifanyiwa jaribio la namna hiyo kwa miezi minne, na waliobadilisha kasi ndio walioboresha sukari yao.

Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 za makali. Maana yake anayehema anamaliza kwa nusu ya muda. Asiyeweza kuhema atembee tu, nayo ni kheri kubwa kuliko kukaa.

Una wakati baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Kipimo chako kiwe dhikri. Ukiweza kuleta uradi mrefu kwa pumzi moja, uko pole. Ukisema "Astaghfirullah" mara mbili tatu ikabidi uvute pumzi, hapo umefika.

Lakini usiamke kesho ukakimbia kama unafukuzwa. Moyo uliokaa miaka ishirini ukishtuliwa ghafla kwa kazi kali unaweza kusimama. Anza wiki kadhaa kwa kutembea. Mwenye presha, mwenye sukari au anayebanwa kifua amuone daktari kwanza, na kifua kikibana njiani simama hapo hapo, nenda hospitali. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari abebe kitu kitamu mfukoni, maana inaweza kushuka ghafla. Avae viatu, si kandambili, kidonda cha mguu kwake si kidonda cha kawaida.

Na wewe unayemzuia mkeo asitembee asubuhi na wenzake, wamejisitiri, huku presha yake unaijua na wewe unashinda kijiweni: utaulizwa juu ya uchunga wako.

Anayetaka kunipinga aandike hapa chini, nitamsoma. Ila kwanza atoke nje, atembee dakika tatu kwa kasi yake yote huku anasoma Alhamdu kwa sauti, aniambie pumzi ilimkatikia aya ya ngapi.

Wabillahi taufiki.