Shule za kimataifa Kampala: Zilianzishwa kwa wapita njia, sasa zinawalea wenyeji

Msafiri anayetoka Kampala kwenda Entebbe kwa barabara ya zamani hupita Lubowa, mtaa wa watu wenye nafasi ulio kusini mwa jiji. Hapo ndipo ilipo International School of Uganda, inayofahamika zaidi kwa kifupisho cha ISU. Ilianzishwa mwaka 1967 kwa jina la Lincoln International School, na kwa zaidi ya nusu karne imekuwa kielelezo cha elimu ambayo Waganda wengi wameiona kutoka nje ya geti tu.

Hata hivyo, tangu mwaka 2020 serikali ya Uganda imekuwa ikiahidi katika shule zake za sekondari mambo yaleyale ambayo shule za aina hiyo zimejijengea jina kwayo: mwanafunzi anayeuliza na kutafiti, na anayepimwa kwa kazi aliyoifanya wala si kwa kukariri peke yake. Swali linalowagusa wazazi, walioko nyumbani na walioko ughaibuni wanaofikiria kurudi, ni iwapo ahadi hiyo inaweza kutimizwa katika darasa lililofurika wanafunzi, lenye mwalimu mmoja na kitabu kinachopita mkono kwa mkono.

Mwaka 1967

Jina la Lincoln halikuwa la Kampala peke yake. Shule zilizowahudumia Wamarekani walioishi nje ya nchi yao zilipenda kulibeba jina la rais huyo. Lipo Accra, lipo Kathmandu, lipo Buenos Aires. Kampala ya wakati huo ilikuwa mji wenye wageni wengi. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo wa 1967, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia saini jijini humo mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na wahadhiri kutoka mabara mengi, na balozi za nchi za nje zilikuwa zimeshamiri tangu uhuru wa mwaka 1962.

Shule nzuri hazikukosekana. Gayaza ilikuwa ikisomesha wasichana tangu mwaka 1905, na King's College Budo ilifunguliwa mwaka uliofuata. Lakini zilikuwa shule za misheni, nyingi zao za bweni, zenye kazi ya kuwaandaa vijana watakaoishi na kuongoza Uganda. Mtoto wa mwanadiplomasia alihitaji kitu kingine: shule ambayo angeweza kuiacha katikati ya mwaka, akahamia Bangkok au Brussels, na kuendelea na masomo bila kurudia darasa. Kwa maneno mengine, shule ya kimataifa ya Kampala ilianzishwa kwa ajili ya watoto ambao wangeondoka.

Na kweli waliondoka, ingawa si kwa namna iliyotarajiwa. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuihama nchi. Mwaka 1973 Marekani iliufunga ubalozi wake Kampala, na haukufunguliwa tena hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979. Jamii ya wageni iliyokuwa imezijaza shule za namna hiyo ilisinyaa. Ilirejea taratibu baada ya mwaka 1986, safari hii ikiwa na sura nyingine: watumishi wa mashirika ya misaada, wa Umoja wa Mataifa, wa benki na wa kampuni za simu. Pamoja nao ikakua tabaka la Waganda wenye uwezo, ambao hawana safari ya Bangkok wala Brussels, lakini wanataka watoto wao wasome kana kwamba wanayo.

Falsafa iliyotoka Geneva

Mizizi ya falsafa inayofuatwa na ISU iko mbali na Lubowa. Mwaka 1924 ilianzishwa shule ya kimataifa mjini Geneva kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirika la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Walimu wake walikabiliwa na tatizo la kila siku: watoto wa mataifa tofauti wafundishwe historia ya nani, na wafanye mtihani wa nchi gani? Jibu lilichukua miongo kadhaa kukomaa, na mwaka 1968 likapata umbo la mtaala wa International Baccalaureate, maarufu kama IB.

Inafaa kuueleza mtaala huo kwa undani kidogo, kwa sababu ndio unaotajwa mara nyingi katika mabango ya Kampala bila kufafanuliwa. Miongoni mwa programu zake ni ya msingi, ya kati na ya Diploma, na ISU inazo zote hizo. Katika miaka miwili ya Diploma, mwanafunzi huchukua masomo sita: lugha na fasihi, lugha ya pili, somo la jamii kama historia au uchumi, sayansi, hisabati, na sanaa au somo jingine badala yake. Juu ya hayo huandika utafiti wake mwenyewe usiozidi maneno 4,000, husoma somo linalochunguza namna binadamu anavyojua anachodai kukijua, na hushiriki shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Alama ya juu kabisa ni 45.

Mfumo wa Uganda ulichukua njia iliyo kinyume. Mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hubana masomo yake hadi matatu makuu, pamoja na somo la maarifa ya jumla na hisabati au kompyuta kwa ngazi ndogo. Anayechagua fizikia, kemia na hisabati huagana na fasihi akiwa na miaka 16 au 17. Utaratibu huo umetoa madaktari na wahandisi wanaoheshimika duniani, na si haki kuudharau. Lakini umewafunga wengi mapema, na mitihani ya UNEB imegeuza mwaka wa mwisho wa kila ngazi kuwa mwaka wa mazoezi ya maswali ya zamani.

Si kila shule ya kimataifa ya Kampala hufuata njia moja. Kampala International School Uganda iliyoko Bukoto, kwa mfano, hutumia mtaala wa Uingereza, kisha mitihani ya IGCSE ya Cambridge, na kumalizia na Diploma ya IB. Nyingine hubaki na Cambridge hadi mwisho. Na neno lenyewe "kimataifa" halina mwenyewe. Limebandikwa hata kwenye shule za chekechea zenye vyumba vitatu.

Mfano mkubwa kabisa wa utata wa neno hilo ni Bridge International Academies, kampuni iliyoanzia Kenya na kuingia Uganda mwaka 2015. Yenyewe iliwalenga wazazi wa kipato cha chini, na mwalimu wake alisoma somo lililoandaliwa tayari kutoka kwenye kifaa cha mkononi, neno kwa neno. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu iliagiza shule zake 63 zifungwe, ikitaja masuala ya usajili, usafi na sifa za walimu, na mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Shule mbili zenye neno moja katika majina yao, moja ikimtaka mtoto aulize, nyingine ikimpangia mwalimu hata cha kusema.

Gharama ya udadisi

Tofauti kubwa iko mfukoni. Karo ya madarasa ya juu ya ISU huzidi dola 20,000 za Marekani kwa mwaka. Ruzuku ambayo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, ni takriban shilingi 20,000 za Uganda kwa mwaka, yaani dola tano au sita. Tarakimu zinafanana, sarafu ndiyo inayotofautiana.

Pengo hilo lilionekana wazi wakati wa janga la UVIKO-19. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na isipokuwa baadhi ya madarasa yaliyoruhusiwa kurudi kwa muda, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu zaidi. Wenye kompyuta na intaneti nyumbani waliendelea na masomo. Wengine waliuza ndizi na kubeba matofali, na wasichana wengi walirudi darasani wakiwa wajawazito, au hawakurudi kabisa.

Ni katika mazingira hayo mtaala mpya wa miaka minne ya kwanza ya sekondari ulipozaliwa. Ulianza mwezi Februari 2020, huku Bunge likitaka usitishwe kwa hoja kwamba walimu na vitabu havikuwa tayari. Unasisitiza umahiri na miradi ya wanafunzi, na asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi za darasani. Wanafunzi wa kwanza waliusomea hadi mtihani wa mwaka 2024, na matokeo yakatangazwa mwezi Februari 2025 kwa herufi A hadi E. Anayeusoma mtaala huo karibu na ule wa IB ataona undugu wa wazi. Lakini mradi wa mwanafunzi unahitaji mwalimu mwenye muda wa kuusoma, na muda huo ndio mzazi wa Lubowa anaoulipia.

Kiswahili kiko wapi?

Kuna eneo moja ambapo mizani imeinama upande usiotarajiwa. Chini ya mtaala mpya, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Kwa nchi ambayo wengi waliihusisha lugha hiyo na askari wa Amin na vizuizi vya barabarani, hiyo ni hatua kubwa, ingawa upungufu wa walimu umeifanya ibaki kwenye karatasi katika shule nyingi.

Shule za kimataifa, kwa upande wao, zina uhuru wa kuchagua. IB na Cambridge zote zina mitihani ya Kiswahili, kwa hiyo kikwazo si mtaala. Ni soko. Mzazi anayemwandaa mwanawe kwa chuo cha Montreal au Madrid huuliza Kifaransa au Kihispania, na shule humpa anachouliza. Matokeo yake, mtoto anaweza kumaliza miaka 13 ya elimu inayojivunia kumfungua kwa ulimwengu, akashindwa kuzungumza na dereva wa lori kutoka Mombasa, au na jirani aliyekimbia vita Goma. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wakiwemo Wakongo wengi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Kwa watoto hao, walioko Nsambya au katika makazi ya Nakivale, somo ambalo wenzao wanalihesabu kuwa mzigo ndilo pekee wanaloingia nalo darasani wakiwa mbele.

Kwa familia zinazorudi kutoka nje, jambo hili lina upande wake wa kiutendaji. Mtoto wa miaka 14 aliyesoma Ulaya au Australia, akiingia shule ya kawaida ya Kampala, hukutana na mitihani ya kitaifa baada ya muda mfupi, na pengine na Kiswahili ambacho wazazi waliacha kumzungumzia. Akiingia shule ya kimataifa huendelea alipoishia, lakini vyeti vyake, akitaka Makerere, hupaswa kulinganishwa na vya Uganda kabla ya kuomba nafasi.

Wizara nayo haijamaliza kazi. Wanafunzi walioingia kidato cha tano mwaka 2025 wanasoma mtaala uliorekebishwa ili ulingane na ule waliotoka nao kidato cha nne. Masomo makuu bado ni matatu.